Vijiti Hamsini vya Mama Kwan

Binti yake Mama Kwan alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa. Alijitambulisha kwa jina la Grace, akaniuliza kama mimi ndiye Salome wa ghorofa ya kumi na tisa. Nilihama jengo lile zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kwa hiyo hata kabla hajaendelea nilijua kuna jambo limetokea. Mama yake alikuwa amefariki wiki tatu zilizotangulia, usingizini, nyumbani kwa Grace huko Markham, nje kidogo ya Toronto. Walishamzika. Sasa walikuwa wanapanga vitu vyake, na kwenye droo ya kando ya kitanda walikuta bomba la karatasi ngumu lenye kifuniko, limeviringishiwa kitambaa cha bluu, na juu yake karatasi yenye jina langu, namba ya simu, na agizo kwamba mzigo usitumwe kwa posta bali mwenyewe nije niuchukue. Nilimuuliza kama ndani kuna vijiti. Akasema ndiyo, vijiti vikavu, vyembamba kama tambi, hajavihesabu. Nikamwambia asihangaike kuvihesabu, viko hamsini.

Nina tabia ya kutunza madaftari. Yako kwenye maboksi chini ya kitanda, kila boksi na mwaka wake, na jioni ile sikupata shida kulipata nililolitaka: daftari la jalada gumu jeusi, kona moja imeliwa na maji. Linaanza Septemba na kuishia Agosti. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimekuja Toronto kwa kozi ya uandishi wa habari ya mwaka mmoja, kozi ikaisha, nikabaki na kibali cha kazi na kazi isiyohusiana na kozi. Huko Dar es Salaam nilikuwa ripota wa habari za mahakama. Toronto nilikuwa napanga trei za chakula cha ndege katika kiwanda kimoja Rexdale, karibu na uwanja wa ndege, na mkononi mwangu mlipita kisu, uma, kijiko, chumvi, pilipili manga, kisu, uma, kijiko, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa na nusu mchana.

Mama Kwan alisimama kulia kwangu kwenye mkanda wa mashine uliosogeza trei. Yeye aliweka saladi. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka kama sitini, mzaliwa wa Hong Kong, na mikono yake ilikwenda haraka kuliko ya yeyote kati yetu ingawa macho yake yalikuwa mahali pengine. Wengine walimwita Missis Kwan. Mimi sikuweza kumwita hivyo mtu wa umri wa mama yangu, nikamwita Mama, na siku ya kwanza alinisahihisha kwamba ana binti mmoja tu na huyo anamtosha. Siku ya pili alizoea. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha lafudhi nzito, chake cha Kikantoni na changu cha Kiswahili, lakini tulielewana vizuri kuliko nilivyoelewana na msimamizi. Wiki ya pili aliniambia kwamba nauliza maswali kama polisi. Nilikuwa nimeshawahoji watu wote wa mkanda wetu: nani katoka wapi, alikuwa anafanya nini kwao, anaishi na nani. Nikamwambia si polisi, mimi ni mtu wa gazeti.

"Sasa mtu wa gazeti anafanya nini na vijiko?" akauliza.

Mchana ule tulipanda basi moja la kwenda kituo cha Kipling, tukapanda treni moja, tukashuka kituo kimoja, na tukatazamana tulipofika kwenye lifti moja ya jengo moja la St. James Town. Yeye alikaa ghorofa ya saba.

Chumba chake nakikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyoishi mwenyewe. Kilinukia tangawizi na uyoga mkavu. Kulikuwa na kitanda, kabati, jiko, na meza ndogo dirishani iliyotandikwa kitambaa cha plastiki chenye picha za ndimu. Meza ilikuwa na viti viwili. Yeye alikaa kilichotazama jiko ili aone sufuria yake, mimi nikakaa kilichotazama dirisha, na hivyo ndivyo tulivyokaa kila Jumamosi alasiri, uso kwa uso, meza kati yetu. Alipika uji wa mchele wenye chumvi, akaukatia yai lililokaa kwenye chumvi mpaka kiini kikawa cha rangi ya chungwa. Mimi nilileta maandazi. Aliyachovya kwenye chai yake isiyo na sukari wala maziwa, akayala yote, na kila mara alisema yangekuwa matamu zaidi kama yangekuwa na nyama ndani.

Jumamosi ya tatu nilimkuta ameshaanza kazi fulani na hakusimama kunipokea. Alikuwa na mabua makavu ya mmea wa porini, marefu kiasi cha kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole, na alikuwa anayagawa na kuyahesabu. Nilitoa daftari. Niliyoyaandika siku ile ni sahihi kabisa, nimeyasoma tena juzi. Vijiti ni hamsini. Kimoja hutolewa kwanza na kulazwa pembeni, na hakifanyi kazi yoyote mpaka mwisho. Arobaini na tisa vinavyobaki hugawanywa mafungu mawili bila kuangalia. Kijiti kimoja cha fungu la kulia hubanwa katikati ya vidole, kisha kila fungu huhesabiwa vinne vinne, na masalio nayo hubanwa vidoleni. Unayaweka kando, unakusanya vilivyobaki, unarudia. Raundi tatu zinakupa mstari mmoja, mzima au uliokatika katikati. Mistari sita inafanya mchoro, kwa hiyo ni raundi kumi na nane, na kwa mkono wake ilikuwa ni nusu saa. Kila mstari ulipopatikana aliupanga mezani kwa njiti za kiberiti. Kisha akafungua kitabu cha Kichina kilichochakaa, kitabu cha maelfu ya miaka, alivyosema, ambacho kila mchoro una ukurasa wake wa kujibu swali uliloliuliza kabla ya kugawa vijiti.

Nilimuuliza kijiti kile cha pembeni ni cha nini. Akasema hajui, baba yake alikiweka pale, na yeye anakiweka pale. Jibu hilo lilinipendeza. Watu wengi niliowahoji maishani wangetunga kitu.

Niliomba na mimi niulize. Akaniambia niseme swali kwa sauti. Nikasema, "Je, nitafanikiwa Canada?"

"Hilo si swali," Mama Kwan akasema. "Hilo ni ombi. Lipeleke kanisani."

Nilijaribu mengine manne. Moja akasema ni lalamiko, moja akasema jibu lake ninalo mfukoni, mawili akayakataa bila maelezo. Nilikuwa nimelipwa mshahara kwa kuuliza maswali mahakamani na kwenye vituo vya polisi, na mwanamke wa saladi ananirudishia maswali yangu kama mwalimu anavyorudisha insha. Nilitoka pale nimeudhika na nimenaswa. Wiki iliyofuata niliazima maktaba tafsiri ya Kiingereza ya kitabu kile. Ilikuwa na dibaji ya kurasa themanini, nikairuka, nikaenda moja kwa moja kwenye michoro. Vijiti sikuwa navyo, nikanunua pakiti ya vijiti vya mishikaki, nikahesabu hamsini, nikavikata ncha.

Niliishi na Njeri, Mkenya kutoka Nakuru aliyekuwa anasomea unesi na kufanya kazi katika nyumba ya wazee. Njeri ndiye aliyenipokea, akanionyesha duka la unga wa ugali, akanipa koti lake la akiba, na Jumapili alinipeleka kwenye ibada ya Kiswahili ambapo watu walilia wakiimba nyimbo ambazo nyumbani waliziimba huku wakipiga miayo. Alinikuta jikoni na vijiti vyangu, akauliza nyama iko wapi. Nikamweleza. Alivuta kiti, akakaa.

"Yaani wewe Mbongo," akasema, "umetoka kwenu, kwenye waganga wa kila aina, ukapanda ndege masaa yote hayo, ukaja kutafuta mganga wa Kichina kwa lifti?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini hakuwa anatania kabisa. Kwake ramli ni ramli, ipigwe kwa mchanga, kwa kahawa au kwa vijiti vya mishikaki. Mimi mwenyewe sikuwa na amani. Nilisikia mafundisho yale yale aliyosikia yeye, na kuna Jumapili nilikaa kanisani nikihisi vijiti vinaonekana kupitia mkoba wangu ingawa nilikuwa nimeviacha nyumbani. Nilimwambia Njeri kwamba Mama Kwan hatabiri kitu, hatoi dawa, hamtaji mchawi, ananifundisha kuuliza. Akasema sawa, hanihukumu, ila visilale vyumbani tunakolala. Vikalala kabatini, nyuma ya unga. Kwa miezi kadhaa nilimsikia, akifungua kabati lile kupika, akinong'ona kidogo kabla ya kuchota. Sikuwahi kumuuliza anasema nini, na nadhani lilikuwa jambo jema kwangu, lolote alilosema.

Novemba ilikuja barua pepe ya mhariri wangu wa Dar, Bwana Lukindo. Dawati la mahakama limebaki wazi, nililoliacha nikiwa msaidizi sasa lingekuwa langu. Atanishikia kiti mpaka mwisho wa Januari, baada ya hapo atampa mtu mwingine. Barua ilikuwa na mistari mitano na niliisoma pale maktaba mpaka muda wangu wa kompyuta ukaisha. Hakuna kitu nilichokitaka kama kiti kile, tangu nikiwa na miaka ishirini. Na hakuna kitu kilichoniogopesha kama kurudi mapema, kabla sijajua nilikuja kufanya nini. Nilipokuwa kwenye mkanda nikipitisha vijiko nilijiona mjinga kwa kutokuwa tayari njiani. Nilipokuwa kwenye basi la Kipling nikisikiliza wanawake wa zamu ya asubuhi wakisimuliana kuhusu watoto wao kwa lugha sita, nilijiona mjinga kwa kutaka kuondoka. Nilimwambia Njeri. Akasema ataniombea, akauliza kama nikienda anaweza kuchukua chumba changu kwa sababu kina dirisha kubwa. Mama Kwan sikumwambia. Nilitaka kwanza niwe na swali ambalo hatanirudishia.

Nililipata Januari, Jumamosi ya theluji nyingi. Njeri alikuwa kazini, jengo lilikuwa kimya, na hita ilikuwa inagonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Niliweka daftari upande mmoja, kitabu upande mwingine. Niliuliza kwa sauti, kwa Kiswahili: nikirudi sasa kwenye kiti changu, ninarudi kwenye nini? Nililaza kijiti kimoja pembeni, nikagawa, nikahesabu, raundi kumi na nane. Mstari wa kwanza ulikuwa mzima. Mitano iliyofuata yote ilikatika. Niliiandika kama ilivyokuja, wa kwanza juu, mingine chini yake, nikatafuta mchoro kitabuni: mstari mmoja mzima juu, mitano iliyokatika chini. Ukurasa wake ulihusu kuporomoka. Nyumba iliyoliwa kuanzia msingi ikabaki paa tu. Maelezo yalishauri mtu asiende popote.

Jumatatu nilienda maktaba nikamwandikia Bwana Lukindo kwamba namshukuru na kwamba sitarudi. Nilitoka nje nikiwa na wepesi ambao sikuutegemea. Nilijinunulia samosa duka la Wahindi. Wiki nzima nilipanga vijiko bila kujiona mjinga, na kila hofu iliponijia nililikumbuka lile paa lisilo na nyumba, nikatulia.

Machi Mama Kwan aliteleza kwenye barafu mbele ya jengo, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Nilishuka kumwona Jumamosi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, plasta hadi kwenye kiwiko, amekasirika, na sufuria imeungua kwa sababu alijaribu kupika kwa mkono mmoja. Nilipika mimi. Baada ya kula akasema ana swali, linahusu Grace, ambaye alikuwa amenunua nyumba Markham na anataka mama yake akaishi huko. Hawezi kugawa vijiti kwa mkono mmoja. Nimgawie mimi, kwa kuwa nimemtazama vya kutosha.

Niliona fahari ambayo nimeiona mara chache. Alisema swali lake kimya kimya kwa Kikantoni. Mimi nikagawa, nikabana, nikahesabu, na yeye akanitazama vidole bila kunisahihisha hata mara moja. Nilipopata mstari wa kwanza nikauandika juu ya ukurasa. Nikapata wa pili, nikauandika chini yake. Nilipoanza kuandika wa tatu aliweka mkono wake mzima juu ya daftari.

"Wewe kwenu," akauliza, "nyumba mnaanza kujenga paa?"

Sikuelewa. Akanionyesha kwa kidole. Mchoro unajengwa kutoka chini. Mstari wa kwanza ni msingi, wa sita ndio wa juu. Nikamwambia si kweli, nimemwona mwenyewe kila Jumamosi tangu Septemba, anaanza juu na kushuka. Na nilikuwa nimemwona. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Alipoweka njiti ya kwanza karibu na kifua chake na kupanda kuelekea katikati ya meza, mimi niliyekuwa upande wa pili niliiona ile ya kwanza iko mbali nami, juu, na nyingine zikishuka kunifuata. Tuliangalia njiti zile zile. Mimi niliziandika kama nilivyoziona kwenye kiti changu, kwa uangalifu mkubwa, na kila mchoro kwenye daftari langu ulikuwa umesimama kwa kichwa. Dibaji niliyoiruka ilikuwa imelisema jambo hili katika ukurasa wake wa tatu. Baadaye nilihesabu: mara thelathini na moja niliuliza, na mara nne tu nilikuwa sahihi, kwa sababu kuna michoro michache ambayo hata ukiigeuza inabaki vile vile.

Mama Kwan alicheka mpaka akaushika mkono wake uliovunjika. Aliniuliza nani mwingine nimemsomea hivyo. Nikasema hakuna, ni mimi tu. Kisha nikakumbuka Januari.

Nilimweleza yote: kiti, Bwana Lukindo, swali, nyumba iliyobaki paa, barua. Aliacha kucheka. Aliomba nimfungulie ukurasa ule, akalizungusha daftari mezani mpaka likamtazama yeye. Mstari mzima sasa ulikuwa chini kabisa, na juu yake mitano iliyokatika.

"Huu si wa kuporomoka," akasema. "Huu ni wa kurudi."

Nimewahi kukaa mahakamani mtu akisomewa hukumu, na nilizoea kuandika jinsi anavyoshika kizimba. Siku ile nilishika kingo za meza yenye ndimu. Nilikuwa nimeuliza kuhusu kurudi na nikajibiwa kurudi, na nilikuwa nimekitupa kiti cha maisha yangu kwa sababu nilikaa upande usiofaa wa meza. Nilimgeukia yeye. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikumuuliza. Nilikaa pale, nikatazama, nikaandika, na mtu anayeandika kwa kujiamini namna ile hakuna anayefikiri anahitaji kuambiwa. Nilimwomba tuulize tena, sasa hivi, kwa njia sahihi. Akakataa. Swali huulizwa mara moja. Nikamwambia basi anisaidie, anieleze maana ya kurudi, labda si kurudi Dar, labda ni kurudi kwa namna nyingine. Akalikataa na hilo. Alisema ukianza kukivuta kitabu mkono ili kikubaliane na wewe, ni afadhali ununue redio.

Kisha akauliza jambo ambalo mimi, ripota, nilipaswa kuwa nimeshaliuliza. Alitaka kujua kilichoandikwa kabla ya ukurasa ule. Daftari lilikuwa la Kiswahili, hakuweza kulisoma, lakini alilifungua nyuma ukurasa mmoja, nyuma ukurasa mwingine, akaweka kidole. Nisome. Nikamtafsiria ukurasa wa Ijumaa: zamu, theluji, basi lililochelewa. Akageuza tena. Ukurasa wa Alhamisi ulikuwa na maandishi yaliyokatwakatwa, na nilianza kuyatafsiri kabla sijayatambua. Ilikuwa ni rasimu ya barua yangu kwa Bwana Lukindo. Nakushukuru kwa kunishikia kiti, lakini sitarudi kwa sasa. Nimeanza kuwafahamu watu wa hapa na sijamaliza kuwauliza. Niliyoituma Jumatatu ilikuwa hiyo hiyo, neno kwa neno, isipokuwa sentensi ya mwisho, ambayo niliiondoa.

"Alhamisi," Mama Kwan akasema. "Na vijiti?"

"Jumamosi."

"Kwa hiyo ulikuwa umeshakata shauri. Ulikuja kwenye vijiti kutafuta mtu wa kukutilia sahihi."

Nilikuwa nimeisahau rasimu ile. Sisemi niliificha, nasema niliisahau, siku mbili tu baada ya kuiandika, na bila daftari ningekufa nikiapa kwamba vijiti ndivyo vilivyonibakiza Toronto. Nililia kidogo, na yeye akanimenyea chungwa kwa mkono mmoja, kazi iliyochukua muda mrefu na kulichafua chungwa. Tulipolimaliza nilimuuliza kuhusu swali lake, kwa kuwa tulikuwa tumeliacha na mistari miwili. Akaashiria kwa kidevu upande wa mlango. Kulikuwa na boksi pale, limefungwa kwa kamba, ambalo niliingia nikaliruka bila kulitazama. Ndani yake alikuwa ameshapakia sufuria ya umeme ya kupikia wali, ya kwenda nayo Markham.

Alihamia Markham Agosti. Lakini kabla ya hapo, Aprili, nilimwandikia tena Bwana Lukindo. Sikumwomba kiti. Nilimweleza ile sentensi niliyoiondoa, na nikamuuliza kama anaweza kupokea barua kutoka Toronto, moja kila wiki mbili, kuhusu watu. Alijibu siku hiyo hiyo: andika, nikipenda nitachapa, nisipopenda sitakuambia. Barua ya kwanza ilihusu wanawake wanaopanga trei za ndege ambazo hawajawahi kupanda tena tangu zilipowaleta. Ilichapwa ukurasa wa kumi na moja. Njeri aliisoma jikoni kwa sauti, akasimama mahali panapomhusu yeye, akasema nimemfanya mnene. Kisha akaisoma tena kwenye simu, akimsomea mama yake Nakuru. Siku iliyofuata nilikuta amehamisha vijiti kutoka nyuma ya unga na kuviweka kwenye glasi dirishani, kwa sababu, alisema, unga ulikuwa unaingia panya na hataki lawama za Wachina.

Nimeandika barua zile kwa miaka mingi, gazeti likabadilika, likahamia mtandaoni, nami nikafanya kazi ya ukalimani mchana ili niendelee kuandika asubuhi. Sijui kama kitabu kilikuwa sahihi Januari ile. Niliacha kukiuliza hilo. Vijiti vya mishikaki ninavyo bado na ninavitumia mara chache kwa mwaka, na kila mara, kabla ya kugawa, nafungua daftari na kusoma kurasa tatu za nyuma. Mara nyingi baada ya kuzisoma navirudisha kwenye glasi.

Jumamosi niliendesha gari hadi Markham. Njeri, ambaye siku hizi ni msimamizi wa manesi na shemasi wa kanisa lake, alinipigia njiani akaniambia nimpe Grace pole zake, na kwamba vijiti vya marehemu nivifunge vizuri visije vikavunjika. Nyumba ni ya matofali, ina gereji ya magari mawili na mti mmoja mwembamba mbele. Grace ana umri wangu. Ana mikono ya mama yake, na alinipokea kwa uji wa mchele, akaomba radhi kwamba yai ni la dukani. Tuliongea kuhusu siku za mwisho, ambazo zilikuwa nyepesi. Alisema alipokuwa msichana aliona aibu, hakuwaleta rafiki zake nyumbani siku ambazo mama yake alikaa na vijiti, na alipoacha kuona aibu ilikuwa imeshakuwa vigumu kuuliza. Mama yake hakuwahi kumlazimisha. Mara moja tu alisema kwamba kuna mtu wa gazeti anayejua.

Nililifungua bomba. Vilikuwa hamsini. Vimelainishwa na vidole mpaka vinang'aa, na kimoja kilikuwa na rangi iliyofifia kuliko vingine, nikajua ni kipi. Nikakilaza pembeni. Grace aliniuliza cha nini, nikamwambia sijui, babu yake alikiweka pale. Alitabasamu, kisha akasema, akitazama sufuria na si mimi, kwamba ana swali moja, amekuwa nalo tangu mazishi, na kwamba anaweza kutazama tu kwanza, ajifunze. Sikumuuliza ni swali gani. Alikuwa ameketi mbele yangu, ng'ambo ya meza, ameweka karatasi nyeupe na kalamu vizuri kabisa, tayari kuandika kila atakachokiona.

"Lete kiti," nikamwambia. "Njoo ukae upande huu."